Magazeti ya saa nane mchana

Saa nne asubuhi kifuniko cha chumba cha omo, yaani cha mbele ya boti, kilimwagiwa maji ya mpira kwa dakika kumi, mpira umeelekezwa kwenye maungio yenyewe. Magazeti yaliyotandazwa ndani yakatoka makavu.

Saa nane mchana kifuniko kile kile, gasketi ile ile ya kuzibia maji, makomeo yale yale manne, kikamwagiwa tena dakika kumi. Magazeti yakatoka chepechepe. Yalipokamuliwa yakatoa vikombe vitatu vya maji.

Kati ya saa nne na saa nane hakuna mtu aliyekigusa. Boti ilikaa tu juani, uani Kigamboni, juu ya farasi wake wawili wa kuiegemeza, ikisubiri watu warudi kutoka kula.

Wiki tano nzima swali hili halikunipa nafasi: jua lilifanya nini?

Vikombe vitatu si vichache

Aliyewahi kufua maji kwenye mashua anajua kwamba maji unayoyaona hayatishi sana. Unachukua ndoo, unayatoa. Yanayotisha ni yale yaliyo chini ya sitaha, ule ubao unaoifunika boti kwa juu, nyuma ya kifuniko kilichofungwa vizuri. Hayo hakuna anayeyaona mpaka boti iwe nzito kichwani, na mpiga makasia aanze kuhisi kwamba haigeuki kama ilivyogeuka jana.

Vikombe vitatu kwa dakika kumi vinaonekana mchezo. Lakini safari ambayo boti hii inaandaliwa ni ya mtoni, ya siku tano au sita, na siku moja tu ya maji ya kasi ina mawimbi mengi ya kuipiga omo. Chumba hicho ndicho kinachobeba unga, mchele na mablanketi. Ndicho pia kinachoinua pua ya boti inapozamia kwenye wimbi. Kikilewa maji taratibu, boti inaingia wimbi linalofuata ikiwa imeinamisha kichwa.

Boti yenyewe ni ya aina ya McKenzie, ile iliyozaliwa mikononi mwa wavuvi wa mito ya Oregon, Marekani. Haina mkuku, chini ni bapa, omo na tezi, yaani mbele na nyuma, zimenyanyuka kama ndizi. Mpiga makasia anakaa akitazama anakokwenda, na anavuta kinyume cha mkondo ili apunguze mwendo na kujipangia njia. Hii ina urefu wa mita 4.9, chini upana wa mita 1.2, ukingoni mita 1.9, na kimo cha sentimita 55 katikati. Ilinunuliwa ikiwa wazi kabisa, kama dau; kazi ilikuwa kuijengea sitaha.

Dar si mji wa maji ya kasi. Ni mji wa mafundi wa boti, na boti hupakiwa kwenye lori ikapelekwa mtoni.

Ndoo ya arobaini

Kabla ubao wowote haujakatwa, boti ilipelekwa ufukweni maji yakiwa yamekupwa, ikalazwa mchangani, ikajazwa kwa ndoo za lita 20.

Nasisitiza mchangani. Lita elfu moja ni tani moja, na sakafu ya plaiwudi ya milimita 12 iliyobebwa sehemu mbili tu itapasuka kabla hujamaliza kuhesabu.

Ndoo ya arobaini ilipoingia, maji katikati ya boti yalikuwa chini ya magoti. Hizo ni kilo 800, na ukingo ulikuwa bado uko juu. Wimbi moja zuri likiivuka omo, boti iliyo wazi hupokea kiasi kama hicho kwa mkupuo. Ongeza watu wanne na mizigo yao. Mpiga makasia mmoja mwenye makasia ya futi kumi hawezi kusogeza uzito huo pembeni kabla mwamba haujafika.

Wengi hudhani sitaha inajengwa kuzuia maji yasiingie. Yataingia. Sitaha inajengwa ili yakiingia yakute nafasi imeshachukuliwa.

Hili walilijua waliofanya kazi hii kabla yetu. Mwaka 1962 Martin Litton na P. T. Reilly walizishusha boti za McKenzie zilizofunikwa sitaha kwenye mto Colorado, ndani ya bonde la Grand Canyon, Marekani, na tangu hapo dori (ndivyo boti hizi zinavyoitwa) za sitaha zimekuwa sehemu ya mto ule. Litton, aliyefariki mwaka 2014, alikuwa na desturi ya kuzipa boti zake majina ya mahali pa asili palipoharibiwa na binadamu. Desturi hiyo imefika Kigamboni: ubavuni mwa hii pameandikwa KIHANSI, kwa ajili ya maporomoko ya Udzungwa yaliyopoteza maji yake kwa mitambo ya umeme, na yule chura mdogo wa manjano aliyekuwa akiishi kwenye manyunyu yake.

Mpangilio uliochaguliwa ni huu. Chumba cha omo, kisha shimo la miguu la abiria wawili, kisha sanduku la kukata boti upande hadi upande ambalo juu yake anakaa mpiga makasia, kisha shimo lake la miguu, kisha shimo la abiria wa nyuma, kisha chumba cha tezi. Pembeni, kushoto na kulia, masanduku marefu yanabana mashimo yote yawe membamba. Kwa vipimo vya ndani: shimo la mbele ni sentimita 55 kwa 100 kwa kina cha 45, sawa na lita 247. La mpiga makasia ni 60 kwa 70 kwa 45, lita 189. La nyuma ni 55 kwa 90 kwa 45, lita 223.

Jumla lita 659, boti ikiwa imejaa mpaka haiwezi kujaa tena.

Tena zimetengwa sehemu tatu. Hilo lina uzito kuliko hesabu yenyewe. Maji yaliyo huru ndani ya boti hukimbilia upande ulioinama, na yakifika huko yanauinamisha zaidi. Viambaza, zile kuta za ndani zinazotenga vyumba, vinayafunga kila moja mahali pake, hayawezi kukimbia kutoka omo hadi tezi boti inaposhuka kwenye mteremko.

Sakafu ipande au isipande

Hapa ndipo mabishano yalipokuwa makali, na nakiri kwamba mara mbili niliegemea upande ambao leo nauona una makosa.

Wazo la sakafu inayojitoa maji ni tamu. Unainua sakafu ya shimo la miguu mpaka iwe juu ya usawa wa maji ya nje, unatoboa njia ubavuni, maji yanatoka yenyewe bila mtu kushika ndoo. Nani hataki?

Basi kwanza tujue usawa wa maji uko wapi. Boti ilielea kwenye mkono wa bahari asubuhi isiyo na upepo, ikapakiwa viroba 12 vya mchanga vya kilo 50 kila kimoja, vimepangwa pale ambapo watu na mizigo watakaa. Alama ya penseli ikawekwa ubavuni. Katikati ya boti ilisoma sentimita 23 kutoka chini. Bahari inabeba vizuri kuliko mto kwa sababu ya chumvi, kwa hiyo mtoni ongeza kama nusu sentimita. Kila kilo 40 zinazoongezwa zinaizamisha boti hii sentimita moja. Kipimo hiki kiandikwe ukutani, kitaulizwa kila siku ya ujenzi.

Sakafu ya kujitoa maji ingelazimika kukaa kwenye sentimita 28. Hapo miguu ya watu wote wanne imepanda sentimita 28, na makalio pamoja nayo. Boti iliyokuwa imetulia inakuwa na kichwa kizito. Tena kiti cha mpiga makasia kikipanda, vishikio vya makasia vinaanguka mapajani mwake, hivyo lazima na vishikizo vya makasia ukingoni vipandishwe. Kitu kimoja kinavuta kingine.

Kilichonigeuza ni swali dogo: nani mikono yake ina nafasi?

Abiria wa mbele wana mikono. Shimo lao la lita 247 ni ndoo 25 za lita 10, na watu wawili wanaofua kwa nguvu wanalimaliza kabla maji hayajatulia. Wa nyuma vivyo hivyo. Mpiga makasia ndiye hana mkono hata mmoja wa kuazima, tena yeye peke yake anafaidika kwa kukaa juu kidogo, kwa sababu anaona mbali. Basi sakafu yake ndiyo iliyopanda hadi sentimita 28. Nyingine zilibaki chini, kila moja na ndoo mbili zilizofungwa kwa kamba fupi.

Hiyo inapunguza shimo lake kuwa lita 70 hivi, nalo linajitoa.

Bomba la kutolea maji ndilo linalokosewa kuliko vyote. Watu huweka la nchi mbili kwa sababu tundu dogo linaonekana salama. Kwa kina cha maji cha sentimita 15 hadi 20, bomba la nchi mbili hutoa takriban lita mbili kwa sekunde mwanzoni, na kasi inapungua kadiri maji yanavyoshuka. Yakiwa mawili, shimo linachukua nusu dakika kuisha. Nusu dakika ni wimbi jingine, labda mawili. La nchi nne lina uwazi mara nne. Weka mawili ya nchi nne, kushoto na kulia, yakiinama kidogo kuelekea nje.

Bomba la PVC lisigandishwe moja kwa moja kwenye plaiwudi. Epoksi, gundi tunayojengea, haishiki PVC kwa kudumu. Bomba litaachia ndani ya sanduku la pembeni, na hapo una tundu la nchi nne linalomwaga maji kwenye chumba cha hewa. Litumike kama kalibu tu. Lizungushie nailoni, kisha tabaka tatu za kitambaa cha faiba na epoksi, likauke, lichomoe. Kinachobaki ni bomba la faiba linaloungana na boti kama mwili mmoja. Nje ya mdomo wake pigilia ulimi wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya gari, umeshikwa upande wa juu tu. Maji ya ndani yanausukuma, ya nje yanaubana.

Epoksi na joto letu

Kwa viambaza na sitaha plaiwudi ya milimita 9 inatosha. Karatasi moja ya mita 2.44 kwa 1.22 ina uzito wa karibu kilo 15, na kazi hii imekula tano. Masanduku ya pembeni ni ya milimita 6. Mihimili ya sitaha ni mkangazi wa milimita 20 kwa 45, na imechongwa ikiwa na mgongo wa milimita 25 katikati ili maji yateleze na ubao usibonyee mtu akirukia. Ukijumlisha vifuniko, bawaba na gundi, boti imeongezeka kama kilo 100. Sentimita mbili na nusu za kuzama, kwa kile kipimo cha ukutani.

Kariakoo utauziwa resini ya poliesta haraka na kwa bei nafuu. Kwa boti ya faiba tupu ni sawa. Kwa plaiwudi ikatae. Poliesta inashika mbao kwa muda, kisha mbao zikilowa na kukauka mara kadhaa inabanduka kama ganda la chungwa, na unaona bado ubavu unang'aa wakati chini yake maji yameshapita. Tumia epoksi hata kama itabidi usubiri mzigo.

Nayo epoksi ina tabia zake kwenye joto la hapa. Dakika zilizoandikwa kwenye kopo kwa kawaida zimepimwa mahali penye ubaridi. Kila joto likipanda nyuzi kumi, muda unakatika karibu nusu. Changanya gramu 200 hadi 300 tu kwa mara moja, na ukimaliza kukoroga imwage kwenye trei pana. Ikiachwa imejikusanya kwenye kikombe hujichemsha yenyewe, inatoa moshi na kuwa jiwe mkononi. Anza alfajiri, acha saa nne.

Unyevunyevu wa pwani nao unaiachia utelezi kama mafuta juu ya uso ulioganda. Huo hauondoki kwa msasa, msasa unaupaka tu. Uoshe kwa maji ya kawaida na brashi ngumu, ukaushe, ndipo upige msasa na kuweka tabaka jingine. Nyufa nyingi za kiambaza zinazolaumiwa kwa mawe ya mtoni zilianzia kwenye utelezi huu.

Pembe ambapo kiambaza kinakutana na ubavu zijazwe kwa epoksi iliyokandwa na unga laini wa mbao mpaka iwe kama ugali mwepesi, ikavutwa kwa mgongo wa kijiko kikubwa hadi pembe iwe mviringo. Juu yake tepe ya faiba ya sentimita 10, tabaka mbili. Usiache tundu lolote la kupitisha maji kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Kwenye dau tumezoea maji yote yakusanyike ngamani yafuliwe mahali pamoja. Hapa ni kinyume: kila chumba kife peke yake kikifa.

Sauti ya kifuniko

Sasa turudi kwenye magazeti.

Vifuniko vimejengwa kwa njia inayojulikana. Ukingo wa tundu umenyanyuliwa, nje yake kuna mfereji wa upana wa milimita 30 na kina cha 25 unaopokea maji na kuyapeleka shimo la miguu, na kifuniko kina mdomo unaoshuka ndani ya mfereji. Gasketi ni sponji ya mpira ya milimita 12 inayobanwa hadi 8. Kona zote zimezungushwa, kwa sababu gasketi haipendi kona kali; ikikunjwa inaacha mwanya.

Mshtakiwa wa kwanza alikuwa gasketi. Ukingo ulipakwa chaki, kifuniko kikafungwa na kufunguliwa: mstari wa chaki kwenye mpira ulikuwa mzima, hauna mahali ulipokatika. Mshtakiwa wa pili makomeo. Yaliongezwa kutoka manne hadi sita, moja kila sentimita 25. Saa nane, magazeti yakalowa tena. Mshtakiwa wa tatu ubao, kwamba joto linaukunja. Rula ya chuma iliwekwa juu yake mchana kweupe; haikupita hata kadi ya simu.

Jibu lilikuwepo tangu siku ya kwanza, ila lilikuja kwa sikio na sisi tulikuwa tunatazama.

Kifuniko kilipofunguliwa mchana ule, kiligoma kwanza. Makomeo yote yalikuwa wazi na bado kilishika, mpaka kilipoinuliwa kwa nguvu kikatoa sauti ya kuvuta pumzi. Fyuu, kuelekea ndani.

Chumba kilikuwa kinanyonya.

Chumba cha omo kina lita 300 hivi za hewa. Kikikaa juani, hewa ya ndani inapanda hadi nyuzi 55, inavimba, na inajipenyeza nje taratibu kwenye gasketi bila mtu kujua. Kisha unakipiga maji ya nyuzi 27. Hewa iliyobaki inasinyaa kwa zaidi ya asilimia nane. Ni kama lita 25 za hewa zimehama na chumba kinazidai zirudi. Mvuto huo, ukiuhesabu, unakaribia uzito wa maji yenye kina cha sentimita 85. Yaani kifuniko kilichofuzu jaribio la mpira asubuhi, mchana kinajaribiwa kana kwamba kimezamishwa karibu mita moja. Kwa kuwa gasketi imezungukwa na maji, kinachonyonywa ni maji.

Na hivyo ndivyo siku ya mtoni inavyokwenda. Boti inaegeshwa mchangani wakati wa chakula cha mchana, jua likiwa utosini. Watu wanakula, wanapumzika, kisha wanaingia moja kwa moja kwenye maji ya kasi.

Kukaza makomeo zaidi kulikuwa kunaongeza tatizo.

Dawa ni kukipa chumba pua. Mpira mwembamba wa milimita 6, ule wa kung'aa kama wa mafundi ujenzi wa kupimia levo, unaingia chumbani juu kabisa, mara tu chini ya sitaha, unazungushwa kitanzi kimoja kinachopanda juu, kisha unatokea shimo la mpiga makasia chini ya ukingo, mdomo ukitazama chini. Hewa inapita kwa hiari yake, kuingia na kutoka, na lita 25 zinapita kwa dakika moja au mbili, kabla mvuto haujajengeka. Matone yakirukia mdomoni hayapandi kitanzi.

Kila chumba kiwe na mpira wake. Ukiunganisha viwili kwenye mpira mmoja umevifanya kuwa chumba kimoja.

Swali lililofuata, na lilinikosesha usingizi kidogo: boti ikipinduka, tundu hilo si litaingiza maji? Litaingiza kidogo sana. Ikiwa imepinduka, mahali mpira unapoingilia panakuwa chini na hewa inakusanyika juu yake, kwenye sakafu ya boti ambayo sasa ndiyo dari. Hewa haina njia ya kutoka, kwa hiyo maji hayana pa kukaa. Ni ile habari ya glasi iliyofudikizwa ndani ya beseni.

Sitaha nayo imepakwa rangi nyeupe. Ilikuwa na bluu nzuri ya bahari. Bluu ile ilikuwa haikaliki mchana.

Madumu na kamba

Boti ya wazi ikipinduka, kazi imekwisha. Hata ukiigeuza inarudi imejaa maji hadi ukingoni. Yenye vyumba vizima inaelea juu juu ikiwa imepinduka, na watu watatu wanaigeuza. Wanapanda juu ya chini yake, wanashika kamba zilizofungwa ukingo wa upande wa pili, wanajiachia nyuma kwa uzito wao. Kamba ziwe mbili, za mkanda mpana wa milimita 25, urefu mita nne na nusu, zimekunjwa ndani ya mifuko midogo chini ya ukingo. Zisining'inie. Kamba inayoning'inia mtoni hushika mguu.

Mito yetu ina viboko na mamba, na sitaha haina la kusema mbele yao. Ndiyo sababu zaidi ya kuharakisha kupanda juu ya boti badala ya kuogelea nayo.

Kuhusu kujaza povu kwenye vyumba vya ncha, nimebadili mawazo. Povu linanyonya unyevu miaka inavyokwenda, linauoza ubao kutokea ndani, na huwezi kulitoa bila msumeno. Kuna kitu kila nyumba ya Dar inacho kinachofanya kazi hiyo vizuri zaidi: dumu la lita 20 lenye kifuniko kinachobana. Dumu tupu linabeba karibu kilo 20. Sita ndani ya chumba cha omo, zikiwa zimefungwa zisitembee, zinayapunguzia maji nafasi hata kifuniko kikifunguka chote. Unaondoka mengine yakiwa na maji ya kunywa, na kila siku yanavyokwisha yanarudi chumbani kuwa maboya. Yakague kwa kuyakandamiza ndani ya beseni. Likitoa mapovu, libaki la mafuta ya taa nyumbani.

Kasia la akiba lifungwe juu ya sitaha upande wa mkono wa kulia wa mpiga makasia kwa mikanda miwili inayofunguka kwa kuvuta mara moja. Si chini ya mizigo. Kishwara cha kamba kama cha ngalawa nacho kiwepo kimoja kila upande, cha kushikia kasia pale kishikizo cha chuma kitakapopinda. Kimetufaa pwani karne nyingi, na kinatengenezwa kwa dakika tatu.

Jumamosi

Mipira ya hewa ilifungwa katikati ya wiki. Jumamosi boti iliachwa juani tangu asubuhi, vifuniko vimefungwa, makomeo yamerudishwa manne kwa kila kifuniko. Saa nane mchana vikamwagiwa maji dakika kumi, kimoja baada ya kingine.

Cha omo kilifunguka bila kugoma, bila sauti. Magazeti yake yalikuwa makavu na ya moto.

Cha tezi pia hakikugoma, lakini gazeti lake lililowa kona moja, upande wa nyuma kushoto, upana wa kiganja. Hapo ndipo ncha mbili za gasketi zimekutana. Mpira utabanduliwa, ukatwe mpya, na maungio yahamishiwe upande wa bawaba, katikati, ambako kifuniko kinabana sawasawa na maji hayasimami. Gundi ya mpira inataka siku nzima kabla ya kubanwa.

Jaribio linarudiwa Jumatatu, saa nane.